Mtoto anayepepesa macho hakupandwa na pepo

Msomaji, mtoto wa miaka sita au saba huanza kupepesa macho bila sababu. Baada ya wiki kadhaa anaacha, mara anaanza kujikohoza au kurusha bega. Hapa Galu ninapotibu, mama huniuliza kama ni dege, nyanya husema ni pepo, naye mwalimu huona ni utundu wa kutiwa kiboko.

Hiyo ni tiki, mishtuko midogo ya misuli iletwayo na ubongo. Daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, alieleza aina yake kali mnamo 1885. Mtoto hapotezi fahamu, tena aweza kujizuia kwa muda, ndiyo maana watu hudhani anafanya makusudi. Lakini jaribu wewe kuzuia chafya!

Tiba ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kumwacha. Ukimkemea anapata wasiwasi, na wasiwasi huzidisha tiki. Wengi hupata nafuu wakikaribia utu uzima bila kumeza kidonge. Zikimtesa, kuna mafunzo ya kumzoeza kufanya kitendo kingine anapohisi tiki inakuja. Yalijaribiwa Marekani kwa watoto 126, na matokeo mazuri yakachapishwa 2010. Vidonge kama haloperidol hupunguza tiki, ila huleta usingizi na kukakamaa kwa misuli. Visiwe vya kuanzia.

Je, dawa za Kichina? Sizidharau. Mitishamba iitwayo 5-Ling ilijaribiwa China kwa wagonjwa 603, na mwaka 2016 ikaripotiwa kusaidia kuliko dawa tupu isiyo na kitu. Lakini pakiti ya mchuuzi isiyo na maandishi unayoyaelewa si dawa hiyo. Mitishamba mingine imekutwa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa ndani, hata madini ya risasi. Usimpe mtoto.

Kombe na dua havina ugomvi na mimi. Chale za wembe na kufukizwa moshi, hapana.

Mkimbize hospitali, iwe Msambweni au iliyo karibu nawe, akizimia, au mikono na miguu ikianza ghafla kuchezacheza ovyo wiki kadhaa baada ya kuumwa koo. Huenda ni homa ya baridi yabisi, nayo hula moyo. Kama ni tiki tu, nenda kesho shuleni ukamweleze mwalimu kabla hajashika kiboko.