Baada ya Tiba ya Saratani

Tunao dada zetu Thika na Ruiru. Mmoja wao akimaliza tiba ya saratani ya matiti, huambiwa, “Alhamdulillahi, umepona,” kisha hurudishiwa ndoo yake. Lakini mkono wa upande uliopasuliwa huweza kuvimba hata baada ya miaka, na hofu humnyima usingizi. Yampasa aendelee kuonwa na daktari. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta haiko mbali naye, nauli, je?

Mafakihi wa kale wa Kishafii hawakuhesabu ujira wa tabibu katika nafaqa ya mke. Hata hivyo, Suratun Nisaa, aya ya 19, yawaamuru waume wakae na wake zao kwa wema. Ewe mume, ni wema gani huo usiompeleka kliniki wala kumpokea ndoo?

Wabillahi tawfiq.