Klabu Iliyoita Watu kwa Lugha Yao

Tarehe 14 Juni 2025, katika uwanja wa klabu ya Dodgers mjini Los Angeles, Marekani, mwimbaji Nezza aliimba wimbo wa taifa kwa Kihispania, ingawa klabu ilimtaka aimbe kwa Kiingereza. Siku hizo maafisa wa uhamiaji walikuwa wakiwasaka watu mjini humo, wengi wao wenye asili ya Mexico na nchi jirani. Basi watu wakauliza: Dodgers wana deni gani kwa wasemao Kihispania?

Jibu limo katika historia ya watangazaji wao wa redio.

Besboli ni mchezo wa gongo na mpira, nao Dodgers walianzia Brooklyn, New York. Zamani klabu tatu za jiji hilo ziliafikiana zisitangaze michezo redioni, zikichelea kuwa watu watakaa majumbani na viingilio vipungue. Mwaka 1939 Dodgers wakavunja mapatano hayo na kumleta mtangazaji Red Barber. Watu hawakupungua uwanjani, bali walizidi. Mwaka 1950 akaingia kijana wa miaka 22, Vin Scully, aliyedumu misimu 67 hadi 2016.

Klabu ilihamia Los Angeles mwaka 1958. Uwanja wao wa kwanza huko ulikuwa mkubwa mno, na waliokaa mbali hawakuona vizuri. Wakaja na redio ndogo za transista, hata sauti ya Scully ikawa yasikika majukwaani huku mchezo ukiendelea mbele yao.

Mwaka huo huo kituo cha KWKW kikaanza kutangaza michezo hiyo kwa Kihispania, mtangazaji akiwa René Cárdenas wa Nicaragua. Mwaka 1959 akaungana naye Jaime Jarrín wa Ecuador. Huyu alipofika Marekani mwaka 1955 hakuwa amepata kuuona mchezo huo. Ilimbidi ajifunze kwanza. Miaka ya mwanzo, timu ikisafiri, wao walibaki studio. Waliusikiliza utangazaji wa Kiingereza, na papo hapo wakausimulia kwa Kihispania kana kwamba wauona mchezo kwa macho yao. Kazi hiyo si ya kila ulimi.

Lakini palikuwa na kidonda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jiji liliwaondoa wenyeji wa Chavez Ravine, wengi wao wenye asili ya Mexico, kwa ahadi ya kujenga nyumba za umma. Nyumba hizo hazikujengwa. Ardhi ikaenda kwa Dodgers, na familia za mwisho zikatolewa kwa nguvu mwezi Mei 1959. Uwanja mpya ukafunguliwa hapo mwaka 1962.

Redio haikuweza kuwarudishia watu nyumba zao. Ilichofanya ni kuingia majumbani mwao jioni baada ya jioni, ikisema kama wao wasemavyo. Mwaka 1981 akatokea Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Sonora, Mexico. Alishinda michezo yake minane ya kwanza, na kwa kuwa hakujua Kiingereza, Jarrín ndiye aliyekuwa mkalimani wake mbele ya waandishi wa habari. Wasemao Kihispania wakamiminika uwanjani.

Sisi wa mwambao hatuna haja ya kufafanuliwa nguvu ya jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alilitoa kwa Kiswahili pamoja na Kiarabu, maana alitaka kusikiwa na watu wake.

Scully alifariki Agosti 2022. Jarrín alistaafu mwaka huo baada ya misimu 64. Valenzuela, aliyekuja kuwa mtangazaji wa Kihispania, alifariki Oktoba 2024. Siku chache baada ya Nezza kuimba, klabu iliahidi dola milioni 1 za kuzisaidia familia zilizoathiriwa na msako. Fedha hizo ni msaada, na msaada haukataliwi. Lakini lugha iliyojaza uwanja kwa zaidi ya miaka 60 haifai kuonewa haya siku wenyewe wanapofikwa na shida. Aliyekuita kwa lugha yako wakati wa kuuza tiketi, na akuitikie kwa lugha hiyo hiyo unapolia.