Picha ya Uso: Wingi wa Mwanga au Mahali Pake?

Katika picha nyingi za harusi za Afrika Mashariki huonekana kasoro ambayo watu wameizoea hata hawaioni tena. Shela ya bibi harusi ni nyeupe mno, nakshi zake zimefutika. Uso wake umekuwa bapa kama sahani, na pajini na puani pana madoa meupe yanayong'aa. Mpigapicha hulaumu kamera yake, au husema kwamba ngozi nyeusi haitoki vizuri pichani. Lawama zote mbili hazina msingi. Kosa liko mahali ilipowekwa flashi.

Ngozi yoyote hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu ndogo hudunda juu ya ngozi, kama unavyodunda juu ya maji. Huo ndio mng'ao. Sehemu nyingine hupenya ndani, hutawanyika, kisha hutoka ikiwa imebeba rangi ya ngozi. Melanini hunyonya sehemu hii ya pili, lakini mng'ao wa juu haiugusi. Kwa hiyo katika uso mweusi mng'ao una kazi kubwa zaidi ya kuchora umbo: mfupa wa shavu, ukingo wa taya, mkunjo wa midomo. Flashi ndogo iliyokaa juu ya kamera hutoa mng'ao mdogo mkali unaorudi moja kwa moja kwenye lenzi, na vivuli vinavyoonyesha umbo hufichika nyuma ya uso. Kuiongezea nguvu flashi hiyo ni kuongeza madoa tu.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba vipimo vya rangi havikuwekwa kwa kufikiria nyuso zote. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, kadi za Kodak zilizotumiwa kusawazishia rangi za picha zilionyesha mwanamke wa Kizungu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Aliyerithi mazoea hayo bila kuyachunguza hurithi na makosa yake.

Dawa ni kuiondoa flashi juu ya kamera na kugawa kazi yake kwa flashi mbili au tatu. Zamani jambo hilo lilidai nyaya ndefu zilizowakwaza watu miguuni. Baadaye vikatumika vijicho vinavyohisi mwanga wa flashi nyingine, ambavyo juani mara nyingi hushindwa kazi. Siku hizi kifaa kidogo juu ya kamera hutoa ishara ya redio, nazo flashi zote huwaka pamoja. Ishara hiyo husafiri kwa mwendo wa mwanga, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Mita 3 huzivuka katika sehemu moja ya milioni mia ya sekunde.

Lakini wingi wa flashi bila maarifa ni hasara. Flashi tatu zenye nguvu sawa huua vivuli vya kila mmoja au huvipishanisha mashavuni. Flashi kuu yapasa kukaa kando na juu kidogo ya uso, nyuma ya mwavuli mweupe, ili mng'ao uwe mpana na laini. Ya pili, yenye nguvu ndogo zaidi, hupunguza giza la upande wa pili. Ya tatu, kwa nyuma, huchora ukingo wa nywele na mabega ili visimezwe na ukuta.

Hata shela hupata nafuu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: flashi iliyo mita 1 kutoka usoni na mita 2 kutoka kwenye pindo la gauni hulipa pindo robo tu ya mwanga unaoupata uso. Uso hung'aa, na nakshi hubaki.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni anasa ya studio za matajiri, au kwamba simu za kisasa hurekebisha picha zenyewe. Simu yaweza kuong'arisha uso, lakini haiwezi kurudisha nakshi iliyokwisha kufutwa na mwanga. Na gharama si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa: flashi moja iliyowekwa kando, pamoja na shuka jeupe upande wa pili la kurudisha mwanga, hushinda flashi kubwa iliyobanwa juu ya kamera ya bei kubwa. Nyingine zaweza kuongezwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo vyuo vinavyofundisha upigaji picha havina budi kuanza na upimaji wa mwanga kabla ya sifa za kamera. Picha ya harusi au ya mzee wa ukoo hupigwa mara moja, na wajukuu watamjua mtu huyo kwa sura itakayobaki humo. Ni haki yake aonekane kama alivyokuwa.