Swali la Kufika Lisigeuzwe Orodha ya Njia

Mjadala kuhusu maswali ya njia ya kujirudia katika kanzidata za grafu umekuwa mashindano ya injini: ipi ina kasi, ipi inakula kumbukumbu kidogo. Huko ni kuanzia mwisho. Gharama kubwa huamuliwa mapema, pale lugha inapochagua kati ya kuuliza kama A anamfikia B na kuorodhesha kila njia inayowaunganisha. Chukua gunia la viazi linalotoka Mahoko kupitia Gisenyi hadi Goma. Tuseme safari ina hatua 20, na kila hatua gunia hupitia kwa mmoja kati ya wachuuzi wawili. Njia ni 1,048,576, ilhali viungo ni 80 tu. Anayetaka kujua kama gunia lingeweza kufika hupitia kila kiungo mara moja, akamaliza. Rasimu ya SPARQL 1.1, mojawapo ya lugha za kuuliza grafu, ilidai njia zihesabiwe. Mwaka 2012 Arenas, Conca na Pérez walionyesha kuwa hata grafu ndogo zilizilemea injini, na kiwango cha 2013 kikaridhika na kuwepo kwa njia. GQL, lugha ya maswali ya grafu iliyo kiwango cha ISO cha 2024, inaruhusu yote mawili. Msimamo wangu ni kwamba kufika ndiko kunakopaswa kuwa chaguo la kawaida, na anayetaka orodha aiombe waziwazi.

Kuna watakaosema mfuatiliaji, wa bidhaa au wa maambukizi, anahitaji njia yenyewe. Ni kweli. Goma ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola, Julai 2019, swali halikuwa tu nani anaweza kuwa ameambukizwa, bali kupitia kwa nani, na kama tarehe zinafuatana. Lakini kwa hilo yatosha kumwekea kila mtu tarehe ya mapema kabisa ambayo maambukizi yangemfikia, pamoja na aliyemtangulia. Njia hujengwa kwa kurudi nyuma. Wengine watasema wingi wa njia ni ushahidi. Lakini njia elfu zinazopita kwa mtu mmoja hukatika zote akiondolewa huyo. Anayepima uzito wa ushahidi ahesabu njia zisizokutana katikati, hesabu ambayo haihitaji kuziorodhesha zote.

Makala tatu za toleo hili zinaligusa swali hili. Ya kwanza inatetea uorodheshaji kwa nguvu. Ya pili, kuhusu Datalog, lugha ya maswali inayotumia kanuni, inaeleza namna ya kuendeleza kila mzunguko kwa matokeo mapya tu. Ya tatu inapima grafu zinazobadilika. Kwa watakaotuandikia toleo lijalo, ombi ni moja: kabla ya jedwali la kasi, tuambieni swali lenu linauliza nini hasa.