UCHAMBUZI: Dalili za madini Pwani si mgodi, takwimu zitolewe wananchi wazipime

SERIKALI ilipotangaza mwaka 2023 kwamba upimaji wa kijiolojia uliofanywa kwa ndege ulikuwa umebaini maeneo 970 yenye dalili za madini kote nchini, wengi walilichukua neno "dalili" kuwa sawa na "mgodi". Hapo ndipo penye tatizo. Kwa wakazi wa Ganda, viungani mwa mji wa Malindi, katika Pwani ambako maelfu ya familia huishi bila hatimiliki, fununu ya madini pekee yatosha kuwavuta walanguzi wa mashamba kabla hata shimo moja halijachimbwa.

Ikumbukwe kuwa ndege haioni madini. Hupima nguvu ya usumaku wa ardhi, nao wapimaji walio chini hutumia kifaa cha kupima nguvu ya uvutano ili kujua kama mwamba uliofukiwa ni mzito au mwepesi kuliko wa jirani yake. Uvutano wa dunia ni takriban miligali 980,000, ilhali mbale ya madini huenda ikaubadilisha kwa miligali chache tu. Mpimaji akikosea kimo cha mahali aliposimama kwa mita moja, tayari ameingiza kosa la karibu miligali 0.3. Kwa hivyo kinachoitwa ramani ya madini ni zao la hesabu ndefu, na anayeshika hesabu ndiye anayeshika ramani.

Kwa upande wa usumaku, Pwani yetu ina matata yake. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, si mbali sana nasi. Katika nchi zilizo karibu na ncha za dunia, mwamba wenye sumaku huonekana kama kilele kwenye ramani. Huku kwetu mwamba uo huo huweza kuonekana kama bonde. Hesabu ya kusahihisha hali hiyo huyumba kadiri mtu anavyoikaribia ikweta ya sumaku, na huzaa michirizi ya uongo ya kaskazini-kusini. Mtaalamu asiyejua jinsi programu yake inavyokokotoa anaweza kuuza michirizi hiyo kama miamba.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa programu za kulipia, ambazo leseni zake si mzigo mwepesi kwa idara ya chuo wala kwa kaunti. Leo zipo programu huria, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python: Fatiando a Terra iliyoasisiwa na wanafunzi wa jiofizikia wa Brazil, SimPEG iliyokulia Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na PyGMI ya Baraza la Sayansi ya Ardhi la Afrika Kusini. Ubora wake si kwamba ni za bure tu. Kila hatua ya hesabu imeandikwa wazi, na mtu wa pili anaweza kuirudia na kuuliza kwa nini.

Hata hivyo, zisitukuzwe kupita kiasi. Mwamba mdogo ulio karibu na uso wa ardhi na mkubwa uliozama chini huweza kutoa vipimo vinavyofanana, na hakuna programu itakayoondoa utata huo bila kuchoronga. Tena programu bila takwimu ni jungu tupu. Vipimo vya uvutano vya setilaiti vinapatikana bure, navyo vinafaa kuchunguza bonde la mashapo la Lamu, lakini havina usahihi wa kutosha kumweleza mtu lolote kuhusu shamba la ekari tano.

Tumeyaona matokeo ya kutegemea neno la upande mmoja. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilisema madini ya Mrima, Kwale, yana thamani ya dola bilioni 62.4. Leseni yake ilifutwa mwaka huo huo, na mwaka 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likaamua kesi kwa manufaa ya Kenya. Mwananchi wa kawaida angeyapima vipi makisio hayo?

Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha na kaunti asilimia 20. Kifungu cha 35 cha Katiba nacho kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Takwimu ghafi za upimaji wa ndege, si picha za rangi pekee, zastahili kufika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na katika ofisi za kaunti. Mahali pa kuanzia papo: Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ambako mchanga wa titani ulitafitiwa na kampuni ya Tiomin ya Kanada. Huko wanafunzi wanaweza kulinganisha hesabu zao na yale ambayo utafiti huo ulishayaonyesha, kabla ya yeyote kutumwa kupima Ganda.