Mgeni Njoo, Nani Apone? Utandawazi na Ghadhabu ya Isiolo

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyebisha hodi Isiolo ni utandawazi, naye amekuja na barabara, uwanja wa ndege na ramani za mji wa kitalii. Je, mwenyeji amepona?

Ghadhabu ya watu wa Kaskazini haikuanza leo. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikawa mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua ya kutosha, mfugaji akasahauliwa. Ruwaza ya 2030 ilipozinduliwa mwaka 2008, na mradi wa LAPSSET mwaka 2012, Isiolo ilitolewa pembezoni ghafla, ikawa njia panda ya Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia. Barabara ya lami sasa inafika Moyale. Hilo ni jambo jema, na anayelikana hana shukrani.

Hata hivyo, walanguzi waliiona thamani ya malisho kabla ya Sheria ya Ardhi ya Jamii kupitishwa mwaka 2016. Katika hofu hiyo ndimo mwanasiasa apatapo mtaji wake. Badala ya kumweleza mpiga kura yaliyomo katika mikataba, humnong'oneza kwamba adui ni jirani: Mborana amhofu Mmeru, Mturkana amhofu Msomali. Hivyo hasira iliyostahili kuwafikia wenye mitaji humwangukia muuza mboga au mchunga ngamia. Nchini Thailand, baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1997, wanyonge wa mashambani walimchagua Thaksin Shinawatra mwaka 2001 kwa ahadi za nafuu ya madeni na matibabu ya bei rahisi. Tusiwasifu wanasiasa wa namna hiyo kupita kiasi. Lakini angalau mjadala ulihusu sera.

Kwetu mjadala wa sera hauwezekani iwapo sera haisomeki. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ilhali ripoti za miradi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Atakayedai kwamba mzee wa Merti ana Kiborana chake na hahitaji Kiswahili, na aende kwenye soko la mifugo mjini Isiolo asikie Mborana, Msamburu na Mmeru wanapatana bei kwa lugha gani. Lugha inayotosha kuuzia ng'ombe inatosha pia kuulizia ardhi.

Kwa hiyo, wasomi wa Kiswahili, tusiishie kubishana iwapo tuseme utandawazi au utandaridhi. Tutafsiri ripoti hizo, tuzisome barazani, tuwafunze wananchi istilahi za fidia, hatimiliki na ubia. Asiyeelewa mkataba ni rahisi kuchochewa amchukie jirani yake. Anayeuelewa humwita jirani huyo waudai haki pamoja.