Saa Ngapi Huko Mpondwe?

Anayevuka daraja la mto Lubiriha kutoka Mpondwe kwenda Kasindi hurudi nyuma saa nzima. Uganda ikiwa saa 1 asubuhi, Kongo ya mashariki ni saa 12. Sisi twayajua hayo tangu utotoni, na simu zetu huyajua kupita kiasi: ukisimama karibu na mto, simu yaweza kushika mnara wa ng'ambo na saa yake ikabadilika bila kukuuliza.

Muhula uliopita niliandika, kwa lugha ya C, programu ya daftari la mahudhurio. Viranja wa malango mawili walituma saa kama zilivyoonekana katika simu zao. Siku moja mwenzetu aliyefika saa 1 na dakika 5 alifyeka majani, na waliopitia lango la mtoni saa 1 na dakika 20 wakasifiwa kwa kuwahi, maana simu ya kiranja wao ilikwisha hamia Kasindi: ilisema saa 12 na dakika 20. Kosa lilikuwa langu, si la kiranja. Yule mfyekaji nimemwomba radhi.

Wengine wasema dawa ni kuwaamuru wote wafuate saa ya Uganda. Mimi sikubali. Baadhi yetu hulala ng'ambo, tena amri haisogezi mnara. Yafaa mashine isiweke saa ya ukutani kabisa. C ina neno time, ambalo katika kompyuta nyingi hutoa idadi ya sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich. Idadi hiyo ni moja, uwe Kasindi au Bwera. Mwalimu akitaka kusoma, ndipo localtime iigeuze kuwa saa ya hapa. (Nayo ina vituko vyake: Januari huiita mwezi 0, na mwaka 2023 huuita 123. Saa zetu za Kiswahili nazo zatofautiana na zake kwa 6.)

Jambo la mwisho lawahusu hasa wanafunzi wa zamani wanaotuletea kompyuta kuukuu. Mashine zinazoweka hesabu hiyo katika biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwetu, kisha zitadhani ni Desemba 1901. Tafadhali, kabla hamjazifunga sandukuni, zitazameni kwanza.